Matroni na Wiki Tatu za Januari

Matroni ungemsikia kabla hujamwona. Funguo zote za bweni alizitia kwenye pete moja kubwa ya chuma, akaining'iniza kiunoni, juu ya kanga aliyoifunga juu ya sare, na kila alipopiga hatua zililia. Walimu walimcheka. Mlinzi gani huyu, walisema, anayempigia mwizi honi. Na mimi nilicheka, mwaka wangu wa kwanza kwenye chumba cha kufulia, mpaka siku moja nilipomkuta amesimama peke yake chini ya ngazi za ghorofa ya wakubwa, anazitikisa zile funguo kwa mkono kama anayeita kuku. Juu kulikuwa na kelele, kisha vishindo vya miguu, kisha kimya. Akasubiri kidogo, ndipo akapanda.

Nilimuuliza kwa nini asiwanyatie akawakamata.

"Nikiwakuta lazima niripoti," akanijibu. "Nikiripoti, mkubwa atapewa onyo, na yule mdogo aliyepigishwa magoti ndiye atakayeteswa mwaka mzima. Bora waache tu kwa leo."

Nimekaa naye miaka mingi kwenye jengo lile, na sijui kama aliwahi kupata zaidi ya hiyo leo moja moja.

Namwandika sasa kwa sababu Januari inayokuja binti yangu Ruti anaingia bweni lile, na katika Johannesburg nzima sikuwa na mtu mwingine wa kumwendea kwa jambo hili. Ruti ana miaka kumi na tatu. Alilala kwenye makapu yangu ya shuka tangu hajajua kutembea, amewaona wasichana wale wakija wadogo na kuondoka wakubwa, na kitu anachokitamani kuliko vyote duniani ni utepe mweupe wa Udada. Mimi ninachotaka ni anirudie nyumbani akiwa Ruti yule yule niliyempeleka. Nimejaribu kumweleza kwamba huenda haya mawili hayaendi pamoja. Ananitazama kama mtu aliyepitwa na wakati.

Nieleze Udada ni nini, kwa asiyejua. Kila Januari wasichana wa darasa la nane, ambao ndio wanaanza sekondari, wanaingia bweni, na wale wa darasa la mwisho wanawachukua kwa wiki tatu na kuwafanya watakavyo. Mdogo anavaa koti la shule ndani nje. Anapita korido ya wakubwa kinyumenyume. Anabeba yai bichi kutwa, amelipa jina, na likivunjika analifanyia mazishi, na wakubwa wanakuja msibani kucheka. Vioo vinafunikwa asijione. Misuko yake inafumuliwa upande mmoja wa kichwa, upande wa pili unaachwa, na hivyo hivyo anaingia darasani. Na anapiga magoti. Asubuhi, jioni, kwa kosa na bila kosa, anapiga magoti. Anayefika mwisho anafungwa utepe mkononi na kuitwa dada, na kweli atakuwa na madada maisha yake yote, wa kumtafutia kazi na wa kumsimamia harusini. Anayekataa hapigwi. Hasemeshwi tu, mpaka atakapomaliza shule.

Adhabu hiyo ya mwisho ndiyo iliyomshinda Matroni. "Mtoto wa kike ukimpiga atalia, atanyamaza," alisema. "Ukimnyima salamu, atakuja mwenyewe kukuomba umpige."

Korido ya chini ina picha za zamani, na alipenda kuwasimamisha wageni mbele ya moja. Zamani hizo wote ni Wazungu. Wasichana wadogo wamevaa magunia ya viazi, wamepiga magoti mbele, na nyuma yao wakubwa wamekunja mikono, wanacheka. "Mtazame huyu wa pembeni, mwenye mashavu," Matroni angesema. "Machozi hayo. Umemwona? Haya, njoo huku." Anakuvuta mpaka picha nyingine, ya miaka kadhaa baadaye, na mwenye mashavu ni yule yule, yuko safu ya nyuma, amekunja mikono. Aliondoka na funguo zake, wewe ukabaki pale na wasichana wako wawili ambao ni mmoja.

Mama wa Kizungu aliyemkabidhi kazi alimwambia asijisumbue, kwani hata yeye mwenyewe, na mama yake, walivaa gunia, na ndivyo wanavyokuwa ndugu. Nchi ndiyo kwanza ilikuwa imegeuka. Wasichana weusi wakaingia, na Wazungu wengi wakahamisha watoto wao. "Walibeba kila kitu," Matroni alipenda kusema, "hata piano. Hiki kimoja wakasema, hapana, wacha tuwaachie." Ukawa mchezo wa majina. Wadogo waliitwa vijakazi, waziwazi. Serikali ilipokataza, desturi ile ikaitwa wiki ya mwelekeo. Mwalimu mkuu mmoja akaikataza wiki ya mwelekeo, ikaitwa wiki ya ukarimu. Aliyemfuata akaifuta hiyo nayo, wasichana wakashusha bango na kuacha jina moja tu ambalo hakuna mwalimu angeweza kulipiga marufuku bila kuonekana mbaya: Udada. Nani atakataza watoto wasiwe ndugu?

Sasa msije mkamfikiria kuwa mtakatifu. Matroni alikuwa mkorofi. Alitoka Tanga na hakukuacha usahau. Kiswahili changu cha Lubumbashi kilimuumiza masikio kama kucha ubaoni. Nikisema "batoto banalia", anashika kichwa. "Watoto wanalia, Mama Ruti, watoto! Hao 'batoto' ni mabata?" Kwa miaka aliniandikisha barua za uongo, kwa mtu asiyekuwapo, ili tu ninyooshe lugha, na kama leo mnaielewa hii ninayoandika basi mshukuruni yeye. Chakula cha bweni alikiita adhabu, akaja na chupa yake ya chai ya tangawizi na chapati mfukoni. Aliwanunia wapishi kwa wiki nzima kwa sababu ya chumvi.

Na mwanamke yule aliyeshindwa kumtazama mtoto akiwa magotini, Jumamosi mchana alikaa kwenye kochi la chumba cha wasichana, miguu juu, akiangalia mieleka kwenye televisheni. "Mvunje! Mvunje shingo huyo!" Alikuwa na wapenzi wake na maadui wake. Wasichana wakubwa walimzunguka, wanapiga kelele naye, mmoja anamkanda mabega, mwingine kalaza kichwa mapajani mwake. Ni walewale. Nilipita na kapu langu nikasema, "Matroni, hawa ndio unawatikisia funguo?" Akanikonyeza, akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Nikamwambia nguo zote za humu nafua mimi na sijakiona. Alicheka mpaka chai ikamwagika.

Alijiona ana haki ya kusema juu ya mambo hayo kwa sababu yeye mwenyewe alichezwa unyago. Hakuficha. "Nililia, nikafinywa, nikachekwa," aliniambia tukikunja shuka. "Nilifundishwa mengine ambayo nisingemfundisha mbwa. Lakini nilikuwa na somo." Akanieleza somo ni nani, maana kwetu sisi hatuna. Ni mwanamke mkubwa anayemshika mwali mkono tangu anaingia mpaka anatoka. Mwali akiumia anaulizwa somo. Akiolewa, somo yuko. Akizaa, somo yuko. Akifa mume, somo ndiye anayebisha hodi wa kwanza. "Hapa wanacheza ngoma bila kungwi, Mama Ruti. Watoto wanachezana wenyewe kwa wenyewe. Hakuna wa kuulizwa."

Kuwapa watoto somo lilikuwa wazo zuri, na wazo hilo ndilo lililomponza, lakini kwanza niseme kilichomfikisha huko.

Alikuja mtoto mmoja kutoka mtaa wa maskini wa Alexandra, mwembamba, mpole, mama yake akifanya kazi za ndani kwa matajiri kule Sandton. Wakampigisha magoti juu ya punje za mahindi bafuni, akazimia, akagonga mdomo kwenye sinki. Funguo zililia, ila siku ile zilichelewa. Matroni alimbeba mwenyewe mpaka kliniki, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaripoti. Alitaja majina. Alieleza punje za mahindi, akazitoa mfukoni akaziweka mezani kwa mwalimu mkuu.

Mtoto akaitwa. Mdomo umevimba hivi. Akasema aliteleza kwenye sabuni.

Mama yake alikuwapo. Alimvuta Matroni nje, akamshika mikono yote miwili, akamwambia kwa Kizulu, "Mama, nakuomba, acha. Huyu lazima abaki hapa. Sina kwingine pa kumpeleka." Matroni akarudi ndani akasema labda hakuona vizuri. Mwalimu mkuu alimtaka awaombe radhi wale wakubwa mbele ya bweni zima, maana amewachafulia jina, naye akawaomba. Wao wakamkimbilia, wakamkumbatia, wawili wakalia. "Eish, Matroni, hatuna kinyongo na wewe." Nilikuwa mlangoni na kapu langu. Nilitamani kumwagia mtu maji ya moto, na sikumjua ni nani.

"La kuvunda halina ubani," aliniambia jioni ile, na nikadhani amekata tamaa. Kumbe usiku wote alikuwa anapanga.

Mwisho wa mwaka huo alikwenda kwa mwalimu mkuu na pendekezo. Kwamba kila mdogo anayeingia apewe mkubwa mmoja awe somo yake, kwa jina, na mdogo akipatwa na lolote, aulizwe huyo mmoja. Mwalimu mkuu alifurahi sana, jambo lenyewe lilikuwa halina gharama na lilisikika la Kiafrika. Matroni akanunua kanga kule mjini, kwenye maduka ya jumla ya Waswahili, moja kwa kila msichana. Alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka kwa mikono yake. Akawakalisha wasichana wa darasa la mwisho kwenye mikeka, akawafunga kanga, akawaambia maana ya neno lile kwa Kiingereza chake kizito: kwamba kuanzia leo huyu mtoto ni wako, maumivu yake ni aibu yako. Wasichana waliguswa kwelikweli. Wengine walilia. Sijapata kumwona Matroni mzuri kama mchana ule, amejipaka wanja, anapita na sinia, anawaita wanangu.

Januari ya kwanza ilikwenda vizuri, ama tulidhani hivyo. Ya pili nilianza kuona nguo za ndani za wakubwa hazifiki kwangu. Nikauliza. Wanafua wadogo, nikaambiwa, kila mdogo za somo yake. Ya tatu nikamsikia mtoto kwenye ngazi anasema, "Yebo, Somo. Samahani, Somo," kwa sauti ya kijakazi.

Mnaona kilichotokea. Zamani mdogo aliteswa na wote, kwa hiyo mzigo uligawanyika. Huyu akichoka yule hayupo, siku inapita. Sasa kila mtoto alikuwa na mwenyewe. Somo ndiye anayeamua ale lini, alale lini, azungumze na nani, na kwa kuwa aibu ya mtoto ni ya somo, basi ni somo peke yake mwenye haki ya kumrudi, na hakuna wa kumwingilia. Waligeuza ulezi ukawa umiliki, na hawakuona tofauti. Nami sidhani walikuwa wabaya. Walipewa mtoto wakaambiwa ni wako, na wao walijua njia moja tu ya kuwa na kitu.

Matroni alijaribu kulifuta neno. Alikusanya kanga, wakampa kanga, neno wakabaki nalo. Aliwaambia waliache, wakacheka kwa upendo, wakamwambia, "Lakini Matroni, ni wewe uliyetufundisha." Siku zile mtoto akipita akitaja lile neno, alisimama akashika ukuta. Nilimpa pole, akaniambia nisimpe. Akasema mtu akifiwa ndiye hupewa pole, yeye ameua.

Katikati ya yote haya kuna jambo ambalo mpaka leo sijui nilipange wapi. Mwaka mmoja wanaume wenye marungu walipita Jeppestown wakitafuta wageni. Chumba changu kiko mtaa ule ule. Matroni alinipigia simu kabla ya mchana, akaniambia, "Chukua mtoto, njoo, usifunge hata sufuria." Tulikaa kwenye chumba cha kufulia, Ruti akiwa mdogo, tukilala juu ya mapazia. Kiongozi wa Udada mwaka ule alikuwa msichana wa Kizulu, mrefu, mkali kuliko wote tuliopata kuwaona. Alikuwa amemtafunisha sabuni yule mdogo aliyepewa. Alishuka na blanketi lake mwenyewe na uji kwenye bakuli. Aliwapanga wenzake zamu getini, na yeye akasimama wa kwanza, na sare yake na utepe wake, akasema hakuna atakayemgusa Ma Ruti akiwa yeye yupo hai. Alimaanisha. Alimwimbia Ruti mpaka akasinzia. Matroni alimtazama, kisha akaja kukaa karibu yangu akalia machozi mengi.

"Sasa huyu nimchukie vipi?" akasema. "Niambie wewe. Nimchukie vipi?"

Mimi nilikuwa nakula uji wa yule mtoto.

Mjukuu wake aliingia bweni miaka michache baadaye. Jina lake ni Mwanaidi, shuleni wanamwita Mandi. Amezaliwa hapa hapa, Kiswahili anakisikia chote na hajibu hata neno moja, anajibu kwa Kiingereza na kugombana kwa Kizulu. Matroni hakutaka aje. Aliyetaka ni Mandi, na mama yake Mandi, na kila jirani aliyewahi kuuona ukuta wa mawe wa shule ile. Basi kwa wiki tatu Matroni hakupanda ngazi. Yeye, aliyezipanda kila siku, alikaa chini. Alijua akizitikisa zile funguo kwa ajili ya damu yake, mtoto atakuwa mjukuu wa matroni mpaka amalize shule na hatakuwa kitu kingine. Nilimwona siku Mandi alipopita jikoni, koti ndani nje, upande mmoja wa kichwa umesukwa na mwingine umesimama wima. Alipita karibu na bibi yake, wala hakuinua macho, kwa kuwa mdogo haruhusiwi. Matroni alikuwa anamenya viazi kuwasaidia wapishi. Aliendelea kumenya. Aliposhika kiazi kingine niliona kile cha kwanza amekimenya mpaka kimebaki kama gololi.

Siku ya utepe Mandi alishuka mbio, akamrukia shingoni, akisema kwa Kiingereza kwamba hii ndiyo siku bora ya maisha yake. Matroni alimkumbatia. Angefanya nini kingine? Mkono mmoja ulimshika mtoto mgongoni, na mwingine, niliuona, ulikuwa unamkagua magoti.

Alistaafu mwaka jana. Walimpa keki, walimpa saa, na wasichana waliimba. Alirudisha funguo akatembea mpaka getini bila sauti, na watu wakageuka kutazama ni nani yule.

Sasa ninafika kwa Desemba hii. Mandi amechaguliwa kiongozi wa Udada kwa mwaka unaokuja, ambao ndio wake wa mwisho. Mwaka huo huo ndio wa kwanza wa Ruti. Mnielewe vizuri. Naweza kumzuia Ruti? Naweza. Shule iliyo karibu na chumba chetu, watoto huingia na visu kwenye soksi. Huko bwenini mtoto wa mfanyakazi amepewa nafasi, atalala kwenye kitanda chake, nyuma ya geti, mwaka ambao hatujui wenye marungu watapita lini tena. Na yeye mwenyewe kanilalia miguuni akilia nimwache aende. Nikampeleka mtoto kwa Matroni, Jumapili baada ya ibada, nikiwa nimenunua machungwa na kuku.

Anaishi na binti yake, vyumba viwili ghorofani, juu ya karakana ya magari. Amepungua. Alifurahi, akamshika Ruti mashavu, akaniuliza habari za wapishi na akawatukana kidogo. Mandi hakuwapo, alikuwa ametoka na wenzake. Nilimtuma Ruti jikoni amenye machungwa, nikasema nilichojia.

"Matroni, miye minashindwa. Umwambie Mandi. Huyu ni mtoto wako, umemlea na wewe. Amchukue yeye, amwendee polepole."

"Watoto wanalala bwenini wangapi, Mama Ruti?"

"Sasa hiyo inahusu nini?"

"Nimeshamwambia Mandi," akasema. "Hukuhitaji kuniletea kuku. Siku waliyomchagua nilimwita nikakaa naye pale ulipokaa wewe. Nikamwambia, Ruti anakuja, na wengine wanakuja, kila mmoja ana mama. Nikamwambia, mwanangu, una uwezo wa kuizima desturi hii. Wewe ndiye mkubwa sasa, ukisema basi ni basi. Unajua alinijibu nini? Hakunijibu kwa jeuri. Alinishika mkono. Akasema, Bibi, nikimpendelea Ruti, mimi nitamaliza shule niondoke, halafu wale wengine watamla. Na nikiizima, watasema mwaka wetu ndio ulioua Udada, na hawa wadogo hakuna mtu atakayewahesabu. Akasema, Bibi, sisi tulipita."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nimesema maisha yangu yote. Nikamwambia akachukue chakula chake kisipoe."

Nilikuwa nimekwenda pale nikiamini kwamba mahali fulani ndani ya yule mwanamke kuna mlango mmoja uliobaki. Nilimkasirikia. Nasema kweli, nilimkasirikia vibaya, yeye ambaye alikuwa mtu peke yake aliyejaribu.

Ruti akarudi na sahani ya machungwa. Matroni alimtazama tangu juu mpaka chini, akaweka sahani pembeni, akashuka kwenye kochi taratibu, akishika mgongo, mpaka akakaa kwenye mkeka.

"Njoo hapa, mwanangu," akasema. "Piga magoti."

Ruti akanitazama. Mimi nikamtazama Matroni. Mtoto akapiga magoti.

"Siyo hivyo. Hivyo utadumu muda mdogo tu. Uzito usiuweke kwenye kifuniko cha goti, urudishe nyuma, kwenye ugoko. Umeona? Chini ya soksi ndefu vaa nyingine. Wakiweka mahindi, jifanye unajikuna, uzisukume punje kwa kidole. Mgongo wima, ukiinama utazimia. Kula kila asubuhi hata kama hutaki. Siku ya kwanza usilie, watakuona laini. Siku ya tatu lia, wanapenda, watakuacha upumzike. Wakifumua nywele usishike kichwa."

Alimfundisha hayo yote, mpaka namna ya kupumua. Alimsogeza mabega kwa mikono yake. Sikujua kama nimshukuru au nimnyanyue mtoto nikimbie naye. Nilikaa na mkoba wangu mapajani. Ruti alikuwa anasikiliza kwa makini ambayo sijawahi kuyaona kwenye ibada wala hesabu, uso umemng'aa.

"Haya," Matroni akasema mwishowe, akimwekea nywele sawa. "Sasa niambie na mimi kitu. Ukifika darasa la mwisho, wakaletwa wadogo mbele yako kama hivi, utawafanyaje?"

Ruti hakufikiri hata kidogo. Alijibu kwa Kiingereza, haraka, kama mtu aliyeulizwa swali analolijua. Alisema atakuwa mkali, lakini mwenye haki. Akasema pia kuna mambo mawili matatu ambayo Mandi na wenzake hawajayafikiria, yeye ameshayafikiria.

Nilimsubiri Matroni. Miaka yote hiyo hakuna neno lililoangushwa mbele yake asiliokote na kulirudisha na methali. Akaniangalia mimi, mimi nikaangalia dirisha.

"Inuka sasa, mwanangu," akasema. "Utaumia magoti."

"Bado, Bibi," Ruti akasema, kwa Kiswahili, kwa heshima zote, mgongo wima. "Bado naweza."

Na hakuinuka. Tukakaa pale, wanawake wawili wazima, tukimtazama, tukimsubiri atosheke.